Tangazo la Serikali: Namna ya Kulipima na Kudai Liwe Sahihi



Familia iliyokimbia inaishi kwa matangazo. Tangazo ndilo linalosema ondokeni, tangazo ndilo linalosema rudini. Ndilo linalotujulisha siku ya kuandikisha majina, mahali pa chanjo, na barabara iliyofunguliwa. Mtu aliye kwake, mwenye shamba na majirani wa miaka mingi, akipewa habari mbovu anaweza kungoja siku mbili aone. Aliye kambini, au aliyepokelewa na familia nyingine, hana nafasi hiyo. Akidanganyika analala njiani na watoto, au anarudi katika kijiji ambacho bado kina silaha.

Ndiyo maana katika toleo hili tunaeleza jambo ambalo wengi hudhani ni la wakubwa peke yao: ubora wa habari ambazo ofisi za serikali zinawatangazia raia, namna ya kuupima, na namna ya kuudai bila kugombana na mtu. Hatuandiki ili watu waidharau serikali. Serikali ikitangaza vizuri, raia wanaiamini, na uvumi unakosa pa kuota. Ikitangaza vibaya, hata siku ile inaposema kweli watu hawaondoki.

Goma, Mei 2021: siku nane za kujifunza

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipasuka. Lava ilishuka hadi karibu na uwanja wa ndege wa Goma, ikaunguza nyumba nyingi kaskazini ya mji, kisha ikasimama. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Wengi walikumbuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji wenyewe. Safari hii pia, wengi walikimbia kwa sababu waliona anga limekuwa jekundu, si kwa sababu walisikia onyo.

Kwa nini onyo halikuja? Ofisi inayofuatilia milima hiyo, OVG, ipo Goma tangu 1986. Lakini mradi uliokuwa ukiisaidia kwa fedha ulimalizika mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa ofisi ilishindwa hata kulipia intaneti inayoleta vipimo kutoka mlimani. Hapa kuna somo la kwanza: habari njema haianzii kwenye kipaza sauti, inaanzia kwenye kipimo. Ofisi isiyo na vyombo, mafuta ya gari wala wafanyakazi waliolipwa haiwezi kutangaza vizuri, hata kama wakubwa wake ni watu waaminifu. Kwa hiyo anayedai habari sahihi adai pia kwamba ofisi zinazokusanya habari hizo zipewe uwezo.

Tarehe 23 Mei msemaji wa serikali alitoa hesabu ya kwanza ya waliokufa: watu 15. Alieleza kwamba 9 walikufa katika ajali ya barabarani wakikimbia, 4 walikuwa wafungwa waliojaribu kutoroka gereza la Munzenze, na 2 waliungua. Siku zilizofuata hesabu ilipanda mara mbili. Je, ile ya kwanza ilikuwa uongo? Hapana. Ilikuwa na tarehe yake, na ilieleza kila kifo kilitokana na nini. Hesabu ya namna hiyo inaweza kuongezwa au kusahihishwa bila mtu kuona aibu. Hesabu ya kuogopwa ni ile isiyo na siku, isiyo na mahali, na isiyosema nani alihesabu.

Tarehe 27 Mei, kabla watu hawajaamka, gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini alitangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya Goma ihamwe. Alieleza sababu: vipimo vilionyesha moto wa chini ya ardhi umefika chini ya mji na chini ya Ziwa Kivu, na mlipuko mwingine ungeweza kutokea bila dalili au kwa dalili chache sana. Mitaa ilitajwa kwa majina. Watu waliambiwa waelekee Sake, wabebe vitu vichache, wala wasirudi mpaka watakapoambiwa. Watu wapatao 400,000 waliondoka, wengine kuelekea Sake na Minova, wengine Rutshuru, wengine Bukavu kwa mashua, wengine ng'ambo ya mpaka, Rwanda.

Tulipime tangazo hilo kwa haki. Lilikuwa na mengi mazuri: mwenye kusema alijulikana, sababu ilitajwa, mitaa ilitajwa, njia ilitajwa. Lilikuwa na upungufu pia. Watu waliambiwa waende Sake, lakini kule hapakuwa na maji, vyoo wala paa za kuwatosha, na wengi walilala makanisani, mashuleni na kandokando ya barabara. Mamia ya watoto walitengana na wazazi wao katika siku hizo za kukimbia. Aidha, watu hawakujua wangekaa siku ngapi, kwa hiyo wengi walianza kurudi kabla serikali haijatoa ruhusa mwezi wa Juni. Tangazo linalosema tu «tokeni» linafanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kueleza mnakokwenda kuna nini, na lini mtaambiwa tena.

Tarehe 29 Mei lilitokea la tatu. Serikali ilitangaza kwamba volkano nyingine, Murara, karibu na Nyamulagira, imelipuka kwa nguvu ndogo mahali pasipo na watu. Saa chache baadaye ikakanusha: ndege ilipita juu ya eneo lote, haikuona mlipuko wowote. Ule moshi ulikuwa wa watu wanaochoma makaa, yale tunayoyaita makala. Fikirini mtu aliye Sake, ana watoto watano, simu yake ina chaji kidogo, anasikia neno «Murara». Goma kuna mtaa unaoitwa Murara, na ulikuwa mmoja wa ile mitaa 10. Akisikia nusu ya habari, anajua nini? Kwamba nyumba yake imeungua.

Hata hivyo, kuna jema la kuiga hapo. Kosa lilisahihishwa siku ileile, hadharani, na serikali ilieleza imejuaje kwamba habari ya kwanza haikuwa ya kweli. Ofisi inayojisahihisha upesi haipotezi heshima. Inaipoteza ile inayonyamaza na kungoja watu wasahau.

Maswali saba ya kupima tangazo

Kutokana na hayo, tunawapa maswali saba. Yanafaa kwa tangazo la volkano, la kipindupindu, la usalama, la kurudi vijijini au la msaada.

1. Nani anasema? Tangazo liwe na jina la ofisi, cheo cha aliyetia sahihi, namba na muhuri. Picha ya barua inayopita katika simu si barua. Muhuri unaweza kunakiliwa, na barua ya zamani inaweza kukatwa tarehe na kutumwa upya. Ulizeni katika ofisi ya mtaa au ya groupement kama wameipokea, na sikilizeni kama redio mbili tofauti zimeisoma.

2. Amejuaje? Ameona mwenyewe, amepima, amehesabu, au ameambiwa? «Tumepata habari kwamba» si sawa na «timu yetu ilifika jana ikaona».

3. Lini? Siku na saa vyote vinatakiwa. Habari ya usalama ya juzi ni historia. Tangazo zuri linasema pia litadumu hadi lini, au lini litatolewa jingine.

4. Wapi hasa? «Masisi ni salama» halimsaidii mtu. Masisi ni kubwa. Kijiji gani, barabara gani, toka daraja gani hadi soko gani?

5. Tufanye nini, na nani ametutayarishia? Kama ni kuondoka, tunapita wapi, tunalala wapi, na wazee, wagonjwa na wajawazito wanabebwa na nani?

6. Nini hakijajulikana? Swali hili watu wachache huliuliza, nalo ndilo linaloonyesha uaminifu. Ofisi inayosema «hatujajua bado kama mabomu yameondolewa shambani» inatusaidia kuliko ile inayosema «kila kitu ni sawa».

7. Tumwulize nani, na kosa likionekana litasahihishwa wapi? Kuwe na namba ya simu, ofisi, au siku ya mkutano.

Tuelewane hapa. Kama hatari iko mbele ya macho, kama risasi zinalia au lava inashuka, kwanza kimbia, utauliza ukiwa njiani. Maswali haya si ya kuchelewesha watu waliomo hatarini. Ni ya wakati wa kuamua: kurudi, kubaki, kuchanja, kuandikisha, kumlaumu mtu fulani au kutomlaumu.

Habari yenye sababu isiyoaminika inaleta vita

Kuna wakati ofisi inatoa habari yenye sababu ndani yake, lakini jinsi inavyotolewa inavunja amani. Tukumbuke Beni na Butembo. Ugonjwa wa Ebola ulitangazwa huko tarehe 1 Agosti 2018. Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo, pamoja na Yumbi katika Mai-Ndombe, zitapiga kura mwezi Machi 2019. Sababu iliyotolewa kwa Beni na Butembo ilikuwa Ebola na ukosefu wa usalama. Lakini rais mpya alitakiwa kuapishwa Januari. Maana yake kura za zaidi ya watu milioni moja walioandikishwa zisingehesabiwa katika kumchagua rais.

Watu wakaangalia mbele yao: masoko yamefunguliwa, makanisa yamejaa, shule zimefanya kazi miezi hiyo yote. Wakauliza, Ebola inakataza kura tu? Hawakupewa jibu la kuwatosheleza. Tarehe 27 Desemba waandamanaji waliingia katika kituo cha Ebola Beni, na wagonjwa waliokuwa wakingoja majibu ya vipimo wakatawanyika. Tarehe 30 Desemba vijana walipanga uchaguzi wao wenyewe wa mfano ili kuonyesha hasira yao. Ugonjwa ulitangazwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Hatuwezi kusema ni vifo vingapi vilitokana na kutoaminiana. Lakini kila mfanyakazi wa afya aliyepita Beni miaka ile anajua kwamba katika nyumba nyingi alianza kujibu swali la uchaguzi kabla hajajibu swali la ugonjwa.

Somo la pili ni hili: habari ya ofisi moja inaathiri ofisi nyingine zote. Raia hagawi serikali vipandevipande. Akidhani amedanganywa juu ya kura, hataamini habari ya chanjo. Ndipo uvumi unapopata mlango. Wengi wetu hupenda kusema «lisemwalo lipo, kama halipo laja». Methali hiyo ina hekima yake, lakini kambini ni hatari. Lisemwalo mara nyingine halipo kabisa, wala halikuwa njiani kuja, ila kwa kulisema tu linaleta marungu na mapanga kati ya majirani.

Sheria iko upande wenu

Katiba ya nchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu cha 24 kwamba kila mtu ana haki ya kupata habari. Haisemi kila mwenye nyumba, wala kila mwenye kadi. Inasema kila mtu, na aliyekimbia ni mtu. Kiswahili nacho ni mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Kifungu cha 142 kinaiagiza serikali itangaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha hizo nne ndani ya siku 60. Basi mama akiomba tangazo la usalama lisomwe kwa Kiswahili, hajaomba zawadi.

Kifungu cha 27 kina nguvu zaidi kwa kazi yetu. Kinampa kila Mkongomani haki ya kuiandikia mamlaka ya serikali barua ya ombi, peke yake au pamoja na wengine, na mamlaka hiyo inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu. Kinasema pia kwamba hakuna mtu atakayeshitakiwa kwa sababu ya kuandika ombi kama hilo.

Kimataifa kuna Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 kuhusu wakimbizi wa ndani. Kanuni ya 7 inataka, pale ambapo si dharura ya vita au msiba, watu wanaohamishwa waelezwe kikamilifu sababu na utaratibu wa kuhamishwa kwao. Kanuni ya 28 inataka juhudi maalumu zifanywe ili waliokimbia washiriki kikamilifu katika kupanga kurudi kwao. Huwezi kushiriki kupanga jambo ambalo hukupewa habari zake.

Viongozi wa kambi na wa vijiji wafanye nini?

Waandike. Kila kamati iwe na daftari la matangazo: tarehe, saa, nani aliyeleta, alisema nini, nani aliyesikia. Siku ya mabishano, daftari linamaliza ugomvi ambao ungekula mwezi mzima. Linasaidia pia wakati ofisi inapobadili maneno na kudai haikusema.

Wawe na mahali pamoja pa habari. Ubao mmoja, penye maji au penye kituo cha afya, wenye tarehe juu ya kila karatasi. Karatasi iliyopitwa na wakati iondolewe. Ubao wenye habari za zamani ni mbaya kuliko ubao mtupu.

Wasome kwa sauti. Wengi wetu hatusomi, na wengine macho yamechoka. Tangazo lisomwe mara mbili kwa siku tofauti, kwa Kiswahili na kwa lugha za wakaaji, na kina mama wapewe nafasi ya kuuliza wakiwa peke yao. Mara nyingi maswali yaliyo bora hutoka kwao, kwa kuwa wao ndio wanaojua maji yamebaki kiasi gani na mtoto gani ana homa.

Watenganishe habari na maoni. Kiongozi akisema «gavana ametangaza», basi aseme alichotangaza gavana, asichanganye na analodhani yeye. Akitaka kutoa mawazo yake, aseme «hili ni langu mimi».

Wasahihishe hadharani. Kama kamati yenyewe ilitangaza jambo lisilo sahihi, irudi mahali palepale, kwa watu walewale, iseme: tulisema hivi, haikuwa hivyo, kweli ni hii.

Waulize kwa maandishi na kwa heshima. Barua fupi inatosha: «Mheshimiwa, tarehe fulani tulisikia tangazo hili. Tunaomba kujua mambo matatu yafuatayo.» Wabaki na nakala iliyopokelewa na kutiwa tarehe. Na pale ambapo kuuliza kunaweza kumletea mtu mabaya, asitie sahihi peke yake. Kamati nzima ijiunge, au barua ipitie kanisa, msikiti, jamii ya kiraia au shirika linaloaminiwa na pande zote.

Nani anatawala si kisingizio

Mtatuambia: maneno hayo ni mazuri, lakini sisi tunasikia matangazo ya pande zaidi ya moja. Ni kweli. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliingia Goma. Tarehe 9 Februari wawakilishi wao waliwaambia kwa mdomo viongozi wa kambi ya Bulengo kwamba watu waondoke ndani ya saa 72. Kesho yake kundi hilohilo likasema kwa maandishi kwamba linaunga mkono kurudi kwa hiari tu. Makumi ya maelfu ya watu walibomoa vibanda vyao kati ya sauti hizo mbili, wengi bila kujua kama kijijini kuna nyumba iliyosimama.

Maswali saba yanamhusu kila mwenye kuamuru watu wahame au warudi, awe amechaguliwa, ameteuliwa au ameingia kwa silaha. Anayehamisha familia kwa neno lisilo na karatasi, lisilo na tarehe wala sababu, hajatoa habari, ametoa tisho. Kamati iliyoandika katika daftari «tarehe fulani, saa fulani, fulani mwenye cheo fulani alituambia tuondoke» imehifadhi ushahidi ambao siku moja utahitajika, iwe ni kwa kudai shamba, kwa kumtafuta ndugu aliyepotea, au kwa kupatanisha vijiji viwili vinavyotuhumiana.

Kuuliza si ujinga, wazee walisema. Sisi tunaongeza kwamba kuuliza si uasi pia. Katika mkutano wenu ujao, kabla ya kufunga kwa sala, mchague watu wawili, mwanamume na mwanamke, wa kutunza daftari la matangazo, na muandike ukurasa wa kwanza siku hiyohiyo. Gharama yake ni daftari moja na kalamu moja. Siku tangazo litakapokuja usiku, mtakuwa na watu wanaojua la kuuliza.